Sura ya 6: Mama Anayengoja Nyuki

Watu wakikutana na maiti katika picha ya mchoraji wa zamani, iwe ukutani kwenye jumba la makumbusho, kitabuni au kwenye simu, swali huwa lilelile: mtu achore maiti ya nini? Misiba tunayo ya kutosha. Wakielezwa kwamba aliyelala pale si marehemu wa kweli bali ni shujaa wa hadithi, huja swali la pili: kama mchoraji alitaka kuzungumzia kifo, mbona asichore kifo alichokiona kwa macho yake? Ya nini kuzunguka hadi kwa mashujaa ambao hawakuwahi kuzaliwa?

Swali la pili ndilo zito, na sura hii inalijibu kwa picha moja: *Mama wa Lemminkäinen*, iliyochorwa mwaka 1897 na Akseli Gallen-Kallela wa Ufini. Jina la shujaa lisikutishe, litamke Lem-min-kai-nen. Nimeichagua picha hii kwa sababu mchoraji wake alikuwa na vyote viwili mkononi. Alikuwa na msiba wa kweli, wa mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa pia na hadithi ya kale inayojulikana na watu wa nchi yake. Akaichukua hadithi. Tukielewa kwa nini alifanya hivyo, tutaelewa kazi ya picha nyingi za karne ya 19 zilizosema habari za kifo kwa mdomo wa hadithi.

## Tuitazame kwanza bila hadithi

Picha hii imo katika jumba la sanaa la Ateneum, mjini Helsinki. Si kubwa: upana wake ni sentimita 108.5 na kimo chake sentimita 85.5. Kijana wa kiume amelala juu ya mawe kando ya mto, mwili umepauka, hauna dalili ya uhai. Ubavuni pake ameketi mama mtu mzima, mwenye mavazi ya kawaida ya kijijini. Jambo la kwanza linaloshangaza ni macho yake. Tungetarajia amtazame mwanawe, kumbe uso wake umeelekea juu.

Ukimaliza kuwatazama hao wawili, kuna mambo manne mengine ya kuangalia:

- Maji. Ni meusi, yametulia, na juu yake anaelea batamaji, yule ndege mkubwa mwenye shingo ndefu.
- Mifupa. Mafuvu na mifupa imetapakaa kati ya mawe. Kijana huyu si wa kwanza kufikia hapa.
- Miale. Kutoka juu inashuka mistari ya mwanga wa rangi ya dhahabu. Mahali pote pengine pana kiza.
- Nyuki. Ni mdogo kiasi kwamba wengi humpita bila kumwona. Lakini mama anamngoja yeye.

Rangi zilizotumika huitwa tempera, yaani rangi ya unga iliyokorogwa na kitu cha kuishikisha, mara nyingi kiini cha yai. Tempera hukauka haraka na haing'ai kama rangi ya mafuta. Mchoraji hapati nafasi ya kuyeyusha rangi moja ndani ya nyingine polepole, kwa hiyo mistari hutoka wazi, kila kitu na mpaka wake. Ndiyo maana mwili wa kijana unaonekana mgumu kama mawe aliyolalia.

Mtazamaji wa Ulaya aliyelelewa kanisani angekumbuka jambo jingine papo hapo: Bikira Maria akiwa na mwili wa Yesu baada ya kushushwa msalabani. Picha na sanamu za namna hiyo huitwa Pietà, na iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Michelangelo huko Vatikani. Gallen-Kallela alijua kwamba watu wataikumbuka. Lakini Maria wa Pietà kwa kawaida huinamisha kichwa juu ya mwanawe, ilhali mama huyu ameinua chake. Tofauti hiyo ndogo ya shingo ndiyo habari yote ya picha, na bila hadithi hatuwezi kuielewa.

## Kijana aliyedharau mtu mmoja

Hadithi yenyewe imo katika Kalevala, utenzi mkubwa wa Wafini. Aliyeutunga kwa kuunganisha nyimbo za kale ni Elias Lönnrot, tabibu aliyesafiri vijijini, hasa eneo la Karelia, akiandika nyimbo zilizoimbwa na wazee. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1835. La pili, lenye sehemu 50 na mistari 22,795, lilitoka mwaka 1849. Wakati huo Ufini haikuwa nchi huru. Ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi tangu 1809, na kitabu hicho kiliwapa watu wake kitu cha kusema: sisi pia tuna mashujaa wetu, kwa lugha yetu.

Hadithi za namna hii huitwa mighani. Ni masimulizi ya mashujaa wa kale ambayo jamii huyasimulia kana kwamba yalitokea kweli, hata kama yamejaa miujiza. Msomaji wa Kiswahili anaijua mighani tangu utotoni, kwa sababu ya Fumo Liyongo. Atakumbuka pia kwamba Liyongo alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, hadi mama yake akaombwa aende akambembeleze. Mama, maji na mwana aliyekufa: Wafini nao wanavyo, ila mama wao alifanya jambo jingine.

Lemminkäinen ni kijana mzuri wa sura, mpenda wanawake na mgomvi. Anakwenda Pohjola, nchi ya kaskazini yenye giza na baridi, kumposa binti wa Louhi, bibi mwenye nchi hiyo. Anapofika anawaroga wanaume wote waliomo ukumbini kwa nyimbo zake, isipokuwa mmoja: mchungaji kipofu. Huyo anamwacha si kwa huruma bali kwa dharau. Anamwambia kwamba hafai hata kurogwa.

Louhi anampa kazi tatu kabla ya kumpa binti. Ya kwanza, amkamate paa mkubwa wa shetani. Ya pili, amtie lijamu farasi anayetoa moto puani. Ya tatu, ampige mshale batamaji wa mto wa Tuonela. Tuonela ni nchi ya wafu katika imani za kale za Wafini, na mto huo ndio mpaka wake. Mbili za kwanza anaziweza. Akielekea ya tatu, mchungaji kipofu anamvizia ukingoni na kumpiga kwa nyoka wa majini aliyempenya moyoni. Kijana anatumbukia mtoni, na mwana wa mwenye nchi ya wafu anaukatakata mwili wake vipande.

Kabla ya kuondoka nyumbani Lemminkäinen alikuwa ameacha kitana ukutani, akasema siku kitakapotoa damu, wajue amekwisha. Kitana kinatoa damu. Mama anaondoka mbio.

## Kazi ya mama

Kuanzia hapo shujaa wa hadithi si kijana tena. Ni mama, naye hapewi hata jina. Anaitwa mama wa Lemminkäinen tu, kama tunavyosema mama Asha au mama Juma.

Yafuatayo ndiyo anayoyafanya, kwa mpangilio:

1. Anamwendea Louhi na kumbana. Louhi anamdanganya mara kadhaa kabla ya kusema kweli.
2. Anauliza miti, njia na mwezi. Kila mmoja anamjibu kwa kulia shida zake. Jua ndilo linalomwambia ukweli: mwanao yumo mtoni Tuonela.
3. Anamwomba mhunzi Ilmarinen amfulie reki yenye mpini wa shaba na meno marefu.
4. Analiomba jua liwake kwa ukali mpaka walinzi wa nchi ya wafu washikwe na usingizi.
5. Anaingia mtoni na kukokota reki. Kwanza inanasa shati, baadaye nguo nyingine, mwishowe mwili. Vipande vilivyopungua anavirudia.
6. Anaunga mfupa kwa mfupa na mshipa kwa mshipa.
7. Mwili unakuwa mzima lakini hauna kauli. Anamtuma nyuki kuleta asali ya kumpaka mwanawe. Safari ya kwanza haitoshi, ya pili haitoshi. Mara ya tatu anamtuma mbinguni.

Hapo namba 7, baada ya nyuki kuruka na kabla hajamfikia tena mama, ndipo Gallen-Kallela alipoisimamisha hadithi. Reki imekwisha kazi. Mishipa imekwisha kuungwa. Hakuna tena kitu ambacho mikono ya mama inaweza kufanya, naye ameketi kungoja. Miale ile ni njia atakayoshukia nyuki.

Kwa ufupi: picha inaonyesha saa ambayo juhudi zote zimekwisha na jibu halijafika. Mtu asiyeijua hadithi akiitazama, hawezi kusema kama kijana ataamka.

## Berlin, 1895

Mchoraji alizaliwa mwaka 1865 mjini Pori, magharibi mwa Ufini, kwa jina la Axel Gallén. Jina la Akseli Gallen-Kallela alilichukua rasmi mwaka 1907. Alisomea uchoraji Helsinki na baadaye Paris, akaanza kama mchoraji wa maisha ya kawaida: wakulima, jikoni, watoto. Mwaka 1890 alimwoa Mary Slöör. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, Marjatta.

Mapema mwaka 1895 Gallén alikuwa Berlin, Ujerumani, akionyesha kazi zake pamoja na Edvard Munch wa Norwei. Akiwa huko alipata habari kwamba Marjatta amefariki. Ugonjwa ulikuwa dondakoo.

Leo mzazi wa Afrika Mashariki huliona jina hilo kwenye kadi ya kliniki, katika orodha ya magonjwa ambayo mtoto anachanjwa akiwa na wiki chache tu, kisha hulisahau. Wakati ule dondakoo ilikuwa tishio la kila nyumba yenye watoto. Vijidudu vyake hutengeneza utando mzito kooni, na mtoto anaweza kuzibwa pumzi mbele ya macho ya wazazi wake. Tena sumu yake hushambulia moyo. Uchungu zaidi ni kwamba dawa ilikuwa njiani. Mwaka 1890, katika mji uleule wa Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburō walikuwa wamegundua namna ya kuitengeneza kutokana na damu ya wanyama waliozoeshwa sumu ya ugonjwa. Ilianza kutumika kwa watoto wengi kuanzia 1894. Marjatta alifariki mwaka mmoja baadaye.

Miaka miwili baada ya msiba huo, baba alichora mama anayengoja dawa itoke mbali.

## Kwa nini asimchore Marjatta?

Sababu hazitokani na hofu wala aibu. Ziko angalau tatu.

Kwanza, picha ya mtoto aliyekufa husema habari ya familia moja. Tangu upigaji picha ulipoenea katikati ya karne ya 19, familia nyingi za Ulaya zilipiga picha maiti za watoto wao ili wabaki na sura zao. Ni kumbukumbu ya ndani, na mgeni akiitazama hujiona anachungulia kwa watu. Lemminkäinen hana wazazi waliokaa chumba cha pili. Kila mtu ana ruhusa ya kumlilia, na chini ya jina lake kumlilia wake.

Pili, hadithi huruhusu neno ambalo msibani halisemeki. Tazama tunavyofarijiana. Tunamwambia mfiwa ajikaze, tunamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo ni mema na yana kazi yake, lakini kuna jambo ambalo mfiwa analitaka siku ya kwanza na hathubutu kulitamka mbele ya watu: nirudishieni mwanangu. Akilitamka ataambiwa anakufuru au amechanganyikiwa. Katika hadithi, mama analitamka, kisha anachukua reki.

Kalevala yenyewe inajua kwamba atapingwa. Mama akiwa katikati ya kazi, kunguru anamjia na kumshauri aache. Aliyekwenda amekwenda, anasema, samaki wamekwisha kula macho yake, mrudishe majini huenda akawa samaki mkubwa. Kunguru huyu si mwovu. Anasema ukweli wa mambo yalivyo, kama msemaji wa familia anayetaka shughuli ziendelee. Mama hamjibu kwa hoja, bali anaingiza reki majini tena.

Tatu, hadithi humpa mfiwa kazi. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Kilicho kigumu katika kifo cha mtoto ni kwamba mzazi amezoea kufanya: kulisha, kuosha, kubeba, kukesha. Ghafla hakuna la kufanya. Desturi za mazishi zinalijua hilo, ndiyo sababu kila kabila na kila dini imepanga kazi nyingi za siku zile, toka kuosha mwili hadi kupikia wageni. Baba aliyekuwa ugenini mtoto alipofariki, naye alikosa hata kazi hizo. Mighani ikamletea mama mwenye kazi saba, naye akaichora ile saa mikono inapotua.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la uhakika. Aliyekaa ili mchoraji amchore kama mama wa Lemminkäinen alikuwa Mathilda, mama yake Gallén mwenyewe. Mtu aliyefiwa na binti alimkalisha mama yake kando ya mwana aliyekufa. Kwa mpangilio huo, nafasi ya maiti ni nafasi ya mchoraji. Si baba anayemlilia mtoto. Ni mwana anayetaka kujua kama kuna atakayemfuata mpaka mtoni.

## Miisho miwili

Katika Kalevala ya Lönnrot, nyuki anarudi na dawa. Mama anampaka mwanawe, kijana anafumbua macho na kusema kwamba amelala usingizi mrefu. Mama anamjibu kwamba angelala mrefu zaidi kama si yeye. Halafu wanakwenda nyumbani, na kijana anaendelea na ugomvi wake katika sehemu zinazofuata.

Lakini Lönnrot aliunganisha nyimbo za watu wengi, na kuunganisha ni kuchagua. Katika nyimbo nyingi za aina hii zilizokusanywa kwa waimbaji wa vijijini, mama hafaulu. Anakokota reki, anakusanya, anaita, na mwana anabaki wa mtoni. Waimbaji hao walizika watoto wao wenyewe, nao walijua wimbo wao unaelekea wapi.

Kwa hiyo kuna mila mbili: ya kitabu, ambamo upendo unashinda, na ya waimbaji, ambamo unafanya kazi yote na kushindwa. Gallén aliichora saa ambayo mila zote mbili zinapitia. Kama angechora kijana akifumbua macho, picha ingekuwa tangazo la muujiza, na mzazi aliyefiwa angeondoka akiwa na uchungu kuliko alivyokuja. Kama angechora mama amejifunika uso, asingehitaji Kalevala hata kidogo. Nyuki mmoja mdogo, ambaye hatujui kama amebeba kitu, anaiacha picha iwe ya watu wa pande zote mbili.

Kwa ufupi: hadithi ina mwisho, picha haina. Mchoraji aliazima hadithi kisha akaukata mkia wake.

## Wengine waliopita njia hiyo

Gallen-Kallela hakuwa peke yake. Nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa na wachoraji wengi wa Ulaya walioiacha picha ya maisha ya kila siku na kutumia visa vya kale kusema juu ya mambo yasiyoonekana. Mwelekeo huo huitwa usimbolisti, yaani kuchora kitu kimoja ili kiashirie kingine. Hawa ni watatu wa kulinganisha:

- Arnold Böcklin, *Kisiwa cha Wafu*. Mchoraji huyu wa Uswisi alichora picha hiyo mara tano, kati ya 1880 na 1886. Mashua inaelekea kisiwa cha majabali na miti mirefu myeusi. Ndani yake kuna jeneza na mtu aliyesimama amevaa nyeupe. Mambo hayo mawili aliyaongeza kwa ajili ya mjane aliyemwagizia picha. Mashua haijafika.
- John William Waterhouse, *Bibi wa Shalott*, 1888. Mwanamke mwenye laana, kutoka visa vya zama za Mfalme Arthur, anaachia mnyororo wa mashua itakayomchukua hadi kifo chake. Mbele ya mashua kuna mishumaa mitatu, na ni mmoja tu ambao bado unawaka.
- Edward Burne-Jones, *Usingizi wa Mwisho wa Arthur huko Avalon*. Mfalme aliyejeruhiwa amelala kati ya malkia wanaomwuguza, akingoja siku ya kurudi. Picha ina upana wa mita sita na nusu hivi. Burne-Jones aliianza mwaka 1881 na alikuwa bado anaishughulikia alipofariki mwaka 1898.

Ona zinavyofanana. Hakuna hata moja inayoonyesha kifo chenyewe. Kila mchoraji ametafuta saa ya kabla ya kufika mwisho. Mighani inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu mtazamaji anakujua kunakoelekewa, hivyo mchoraji hahitaji kufika huko. Anaweza kusimama njiani na kukaa na mtazamaji wake.

Tofauti yao na picha ya Ufini ni hii: katika hizo tatu watu wanabebwa au wanalala. Mashua inakwenda, mnyororo unaachiwa, mfalme anauguzwa. Kwenye mto wa Tuonela, mtu amekwenda kinyume cha maji.

## Alikopita baadaye

Mtu anaweza kudhani kwamba mchoraji wa picha kama hii alikuwa mtu wa huzuni maisha yake yote. Lakini mwaka 1909 alifungasha na kusafiri hadi Nairobi pamoja na Mary na watoto wao wawili waliozaliwa baada ya Marjatta, Kirsti na Jorma. Nairobi ilikuwa na miaka kumi tu tangu ianze kama kambi ya reli. Familia ilikaa katika nchi hiyo, ambayo leo ni Kenya, kwa zaidi ya mwaka, naye alichora zaidi ya picha 150: mbuga, Mlima Kenya, wanyama na watu, kwa rangi kali. Katika picha hizo hakumtafuta Lemminkäinen. Mighani haikuwa miwani aliyovaa kila saa. Ilikuwa chombo cha kazi maalumu, naye alijua lini kukitumia.

Alikuwa amekwisha kukitumia tena kwa ajili ya msiba wa mtu mwingine. Mwaka 1898 tajiri wa Pori, Fritz Arthur Jusélius, alifiwa na binti yake Sigrid, mwenye miaka 11. Alimjengea jengo la kaburi na kumwomba Gallén achore kuta zake. Mchoraji alifanya kazi hiyo kati ya 1901 na 1903 kwa njia ya fresko, yaani kupaka rangi juu ya lipu ikiwa bado mbichi ili ikauke pamoja nayo. Mojawapo ya picha hizo ni mto wa Tuonela, na safari hii walio ukingoni ni watu wa kawaida, wa umri na hali mbalimbali, wanaongoja kuvuka. Unyevu uliziharibu, kisha moto ukazimaliza mwaka 1931, mwaka uleule alipofariki mchoraji mwenyewe. Jorma, mwanawe, alizichora upya kwa kufuata michoro ya baba yake. Mwaka 1939 Jorma aliuawa katika vita vya Ufini na Umoja wa Kisovieti.

Jusélius naye hakuishia kwenye jengo. Wosia wake ulianzisha, mwaka 1930, mfuko wenye jina la Sigrid unaogharimia utafiti wa tiba, na mfuko huo ungali unafanya kazi. Hakumrudisha binti yake. Alilipia nyuki wa watoto wengine.

## Ukikutana na picha ya namna hii

Beba maswali matatu:

1. Hii ni saa gani ya hadithi? Tafuta kilichotokea kabla na kinachofuata. Saa ambayo mchoraji ameichagua hukuambia zaidi kuliko kisa chenyewe.
2. Nani anatazama wapi? Macho yakimwelekea maiti, picha inahusu kuaga. Yakielekea kwingine, kuna jambo linangojwa.
3. Nani anafanya kazi? Wengi watakuwa wamelala, wanalia au wanabebwa. Ukimpata mwenye kazi, umempata mtu ambaye picha ilichorwa kwa ajili yake.

Swali la tatu ndilo linaloitenga picha ya Gallen-Kallela na nyingi za wakati wake. Hadithi haikumsaidia kukikwepa kifo cha Marjatta, wala haikumpa ahadi kwamba wafu hurudi. Ilimpa mtu wa kumchora ambaye msiba haukumkalisha bure: aliyeuliza kila mlango, akafuliwa chombo, akaingia majini, na ambaye anapoketi mwishoni hakuna awezaye kumwambia kwamba amebakiza.